Msumeno Katika Nchi ya Barafu

Pande za kaskazini za dunia, katika nchi kama Kanada, Uswidi na Ufini, iko misitu mikubwa ya misonobari na ya miti mingine iliyo jamaa yake. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, mwezi wa Januari ni katikati ya majira ya baridi. Jua huchelewa kuchomoza na huwahi kutua, theluji hulala juu ya nchi, na katika sehemu za kaskazini baridi huweza kufika digrii 20 au 30 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Maji huganda katika digrii sifuri. Kwa hiyo maziwa hufunikwa na barafu nene, hata watu hupita juu yake kwa miguu. Watu wa Moshi huiona barafu kwa mbali, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Lakini huko Ontario, majira hayo yakifika, barafu iko mlangoni pa nyumba.

Mtu asiyezijua nchi hizo angedhani kwamba wapasua mbao hufunga kazi mpaka joto lirudi. Sivyo. Wengi hupenda kufanya kazi wakati huo. Ardhi imekuwa ngumu kama jiwe, basi magogo huvutwa bila kuzama matopeni. Tena yakivutwa juu ya theluji hayapakwi mchanga, na mchanga ni adui wa meno ya msumeno. Wadudu na ukungu nao hawaharibu mbao katika baridi kama wafanyavyo katika joto. Lakini pamoja na faida hizo iko shida moja, nayo ni ya kitu kidogo sana: tone la maji lidondokalo juu ya msumeno.

MTAMBO NA MSUMENO WAKE

Wapasua mbao wengi wasio na kiwanda kikubwa hutumia mtambo mdogo uwezao kuvutwa nyuma ya motokaa mpaka penye magogo. Gogo hulazwa juu ya kitanda cha chuma, nalo hubanwa lisitikisike. Injini na msumeno hutembea juu ya reli mbili, kutoka mwanzo wa gogo hata mwisho wake, na kila safari hutoa ubao mmoja. Msumeno wenyewe ni ukanda wa chuma uliounganishwa ncha kwa ncha, wenye meno upande mmoja. Huzungushwa na magurudumu mawili, kama mkanda wa cherehani ya miguu. Upana wake kwa kawaida ni yapata inchi moja na robo, na unene wake yapata milimita moja tu.

Msonobari una utomvu mzito unaonata. Msumeno ukikata, utomvu hushika ubavuni mwake, na unga wa mbao hushika juu ya utomvu, hata msumeno ukawa mnene kuliko njia iliyokatwa na meno. Hapo huanza kusuguana na mti, na msuguano huleta joto. Wale wapasuao mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenziwe chini shimoni, walijua jambo hili kabla ya mitambo kufika. Msumeno ulioshikwa na utomvu huwa mzito mikononi, nao huupaka mafuta kidogo ili upite.

Msumeno wa mtambo hauwezi kusema kwamba umechoka, lakini huonyesha. Chuma kikipata joto hurefuka. Ukanda uliokuwa umekazwa vema hulegea, nao hupanda na kushuka ndani ya gogo, hata ubao ukatoka wenye mawimbi, hapa mnene na pale mwembamba. Ubao wa namna hiyo haupati bei. Na mtu akizidi kuulazimisha, msumeno huingia ufa na kukatika katikati ya mwendo, jambo la hatari kwa wote waliosimama karibu.

Kwa sababu hiyo mtambo huwekewa chombo cha maji chenye bilula na mpira mwembamba, na maji hudondoka juu ya msumeno tone kwa tone. Katika majira ya joto maji yenye sabuni kidogo yatosha. Kazi yake kubwa ni kuuzuia utomvu usishike. Haba na haba hujaza kibaba, na matone hayo machache huokoa msumeno.

MAJI YAKIGANDA

Sasa baridi imekuja. Mpasua mbao ajaza chombo chake maji ya sabuni kama alivyozoea, maana sabuni ndiyo iliyomsaidia miezi yote iliyopita. Lakini sabuni ile kidogo haiwezi kuyazuia maji yasigande. Kwanza huziba mpira na bilula, kwa kuwa ndimo maji yalimo kidogo. Kisha matone yaliyorushwa na msumeno huganda juu ya magurudumu na kufanya kigongo cha barafu. Msumeno upitapo juu ya kigongo hicho huruka, nao huweza kutoka katika magurudumu. Ya mwisho ni chombo chenyewe. Maji yagandapo huongezeka ukubwa: vipimo 11 vya maji huwa karibu vipimo 12 vya barafu. Chombo kilichojaa na kufungwa hakina nafasi ya kile kipimo kilichozidi, basi hupasuka.

Kwa hiyo hapana budi kutafuta kitu kingine badala ya maji matupu. Viko vitu vingi vinavyojaribiwa, na kila kimoja kina faida yake na hasara yake.

Wengine hufikiri chumvi. Ni kweli, maji ya chumvi huganda katika baridi kali kuliko maji matamu. Lakini chumvi huleta kutu upesi, na msumeno wenye kutu huharibika. Aokoaye bilula kwa kuharibu msumeno hakupata faida.

Wengine hutumia maji yanayouzwa kwa kuoshea vioo vya motokaa wakati wa baridi. Hayo yametiwa spiriti, na yako yasiyoganda hata katika digrii 30 chini ya sifuri. Hupita vema katika bilula, na huzuia utomvu. Lakini mara nyingi spiriti hiyo ni ya namna iitwayo methanoli, nayo ni sumu. Kuinywa, hata kidogo, kwaweza kupofusha macho na kuua. Tena mvuke wake hushika moto. Hapana ruhusa kuvuta sigara karibu nayo, wala kuiacha penye injini yenye moto.

Iko pia dawa itiwayo katika rejeta ya motokaa, iitwayo glikoli. Nusu ya maji ikichanganywa na nusu ya glikoli, maji hayo hayagandi mpaka yapata digrii 37 chini ya sifuri. Lakini glikoli itumikayo sana katika rejeta ina ladha tamu, na ndani ya utamu huo mna sumu. Mbwa huilamba juu ya theluji na kufa. Iko glikoli ya namna nyingine, iitwayo propilini, ambayo sumu yake ni ndogo sana kuliko ile. Nayo ndiyo ichaguliwayo na mtu awajaliye wanyama na watoto wapitao uani.

Mwisho, wako wapakao mafuta: mafuta mazito ya mnyororo wa msumeno yaliyopunguzwa uzito kwa dizeli au kwa mafuta ya taa. Hayagandi kuwa barafu, ijapokuwa baridi kali huyafanya mazito. Matone machache yatosha, nayo hukinga chuma na kutu. Hata hivyo huacha harufu na madoa juu ya mbao, huchafua ardhi, na unga wa mbao wenye mafuta haufai kutandikiwa ng'ombe. Tena magurudumu ya mitambo mingi yamevikwa mkanda wa mpira, na mafuta hayo huulainisha mpira na kuuharibu.

Yaonekana basi kwamba hapana dawa moja isiyo na ila. Mwenye akili huchagua kwa kuangalia ukali wa baridi, namna ya mti, na watu na wanyama waishio karibu. Chochote achaguacho, hukiweka katika chombo kilichoandikwa jina lake, mbali na watoto, wala hakitii kamwe katika chupa ya kinywaji.

GOGO LILILOGANDA

Iko habari nyingine tena. Baridi ikizidi, maji yaliyo ndani ya mti huganda pia, na gogo huwa gumu kuliko siku zote. Sehemu ya nje ya mti, iliyo na maji mengi, huganda kuliko moyo wake ulio mkavu. Gogo lililoganda nusu ni gumu kupasua kuliko lililoganda lote, maana msumeno hutoka penye ugumu na kuingia penye ulaini, ukayumba. Wakati huo matone mengi hayataponya neno. Ufaao ni msumeno mkali, wenye meno yaliyonolewa kwa ajili ya mti mgumu, na mwendo wa utaratibu.

Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Gogo likiganda lote, utomvu nao huwa mgumu, hata haunati sana. Basi mara nyingine mpasua mbao huona msumeno wake u safi bila tone lolote, naye hufunga bilula. Hadondoshi dawa kwa kuwa ni desturi; hudondosha kwa kuwa msumeno waihitaji.

KAZI YA ASUBUHI NA YA JIONI

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, mpasua mbao huchomoa waya wa plagi ili injini isiweze kuwaka kwa bahati mbaya. Huvaa glavu, maana mkono mtupu ukishika chuma chenye baridi kali, ngozi hunata juu yake. Huangalia magurudumu, na akiona barafu huiondoa. Hukaza msumeno kwa kipimo chake, huuzungusha polepole kwa mkono kuona kwamba umekaa vema, na hutazama kama bilula yadondosha. Ndipo huurudisha waya na kuwasha injini, akaiacha ipate joto kwanza.

Jioni hufunga bilula, na huuacha msumeno uzunguke kitambo kidogo bila kukata, ili umajimaji urushwe. Kisha huzima injini, huchomoa tena waya wa plagi, humwaga kilichobaki katika chombo chake maalumu, hukausha mpira na bilula, na hulegeza msumeno. Hulegeza kwa nini? Kwa kuwa chuma kikipata baridi hufupika. Msumeno ulioachwa umekazwa hujikaza zaidi usiku kucha, na asubuhi huweza kuonekana umeingia ufa.

Kazi hiyo ya jioni ni ya dakika chache. Lakini aiachaye kwa uvivu huja kesho akakuta bilula imeziba na chombo kimepasuka, na siku nzima ya kazi humpotea, huku mnunuzi akingoja mbao zake.

Watu wawili waweza kutumia mtambo mmoja. Wa kwanza amejifunza desturi tu: tia maji, tia sabuni, fungua bilula. Wa pili amejifunza sababu: kwamba utomvu hunata, kwamba joto hurefusha chuma, kwamba maji huganda na kuongezeka. Wakati wa joto, kazi zao zafanana, wala hapana awezaye kuwapambanua. Baridi ijapo, desturi ya yule wa kwanza humwangusha, bali wa pili hubadili njia yake, na mbao zake hutoka zimenyoka.

MASWALI

1. Kwa nini wapasua mbao wa nchi za kaskazini hupenda kufanya kazi wakati wa baridi?
2. Kazi kubwa ya matone yadondokayo juu ya msumeno ni nini?
3. Eleza sababu ya chombo kilichojaa maji kupasuka katika baridi.
4. Taja hasara ya chumvi, ya methanoli, ya glikoli ya rejeta, na ya mafuta.
5. Kwa nini msumeno hulegea ukipata joto, na kwa nini hulegezwa jioni?
6. Taja kazi moja ya nyumbani au ya shambani ambayo watu huifanya kwa desturi. Sababu yake ni nini?