Mwenyekiti Hapigi Vijembe

Mdogo wangu uliyeniandikia kwamba umechaguliwa mwenyekiti wa kikoba ukiwa na miaka 26, na kwamba kuna mama wa rika la mama yako hajaleta rejesho mwezi wa pili sasa: hongera, na pole. Umeniuliza umwambieje bila kumvunjia heshima. Kaa hapa nikusimulie, maana kiti hicho nami nilishakikalia, na nilikikalia vibaya.

Kikoba chetu tulikuwa watu 24, tukikutana kila Jumamosi saa kumi jioni barazani kwa mweka hazina. Utaratibu unaujua: sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, hela zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Hakuna anayenuna kwamba amedhaniwa mwizi. Kwenye fedha tulikuwa watu wazima kabisa. Kwenye maneno, sasa.

Mwenzetu mmoja alichelewesha rejesho. Namba yake ninayo, na kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilichofanya mimi, saa tano usiku, ni kuingia kwenye grupu la WhatsApp nikaandika: "Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye macho haambiwi tazama." Nikalala usingizi mzito, nikijiona nimetumia busara kwa sababu sikumtaja mtu.

Sisi tuliolelewa na kanga tunaamini fumbo ni ustaarabu. Na kweli ni ustaarabu, mahali pake. Jirani akinichokoza, nikajifunga kanga yenye maneno yake nikapita mlangoni kwake kama naenda dukani, naye atatafuta ya kwake ya kunijibu, tutamalizana bila ngumi. Lakini angalia: yeye anaweza kunijibu. Mwenyekiti ndiye mwenye daftari la mikopo, ndiye mwenye kauli nani akope leo na nani asubiri. Kijembe chake hakijibiki. Tena jiwe la gizani likirushwa na mwenye cheo halimpati mmoja. Asubuhi yake walinipigia watu watatu kujitetea, na sikuwa nimemlenga hata mmoja wao. Mmoja alikuwa amebakiza elfu tano tu. Niliyemlenga alikaa kimya, na Jumamosi hakutokea.

Jumapili nikaenda kwake. Nilimkuta uani anafua mashuka ya mama yake, aliyepooza upande mmoja, wiki ya sita hiyo. Mapovu mpaka viwikoni. Akasema, "Karibu, mwenyekiti," akanifutia kigoda kwa upindo wa kanga, akaendelea kufua. Na kikoba chetu kina mfuko wa jamii! Tunachangia kila wiki ili mtu akiuguliwa asaidiwe. Hela zile zilikuwa haki yake, akaona haya kuziomba naye anadaiwa. Mimi mwenyekiti wake sikuwa nimemuuliza hata "Kwema huko?"

Nikamwomba radhi palepale, akanisamehe. Nilitamani sana yaishie hapo. Ila nilikuwa nimemchapa hadharani, na sasa nataka kumwomba radhi uani, tuko wawili. Hapo ndipo mambo ya roho yalipoanza kwangu, wala si kwenye ile sala ya kufungulia kikao niliyokuwa nikiiongoza mwenyewe kwa sauti nzuri.

Waislamu wanafundishwa kwamba haki ya mja mwenzako haifutwi na toba ya kwenye mswala peke yake. Sharti umwendee mwenyewe. Wakristo wanaambiwa katika Injili ya Mathayo waiache sadaka mbele ya madhabahu, wakapatane kwanza na ndugu yao. Sisi tumejitafutia njia ya mkato: ule ujumbe wa kila tukikaribia Ramadhani au mwaka mpya, wa kuomba msamaha wa tuliyokosea kwa kujua na kutojua, unaotumwa kwa watu 300 kwa mpigo. Pacha wake ni "kama kuna niliyemkwaza". Kama? Umemkwaza, unamjua, na siku unaikumbuka.

Jumamosi iliyofuata nilisimama kabla sanduku halijafunguliwa. Nikasema maneno ya usiku ule yalikuwa utovu wa adabu, niliyaandika mimi, nayafuta. Jina la mtu sikulitaja, maana habari za uani kwake si zangu kuzitangaza. Haikufika hata dakika moja, na magoti yalinitetemeka kuliko siku niliyoomba kura.

Mwaka 1962, mwaka uleule alioacha uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Mimi hukipendea lile tu- la mwanzo: kiongozi naye yumo. Angeandika Jisahihisheni, nani angembishia?

Basi, yule mama. Usimwite, nenda wewe. Nenda mchana, peke yako, daftari liache nyumbani. Mpe shikamoo yake, uliza wa nyumbani wakoje, chai ukipewa unywe. Kisha sema: "Mama, marejesho ya miezi miwili hayajafika, nimekuja tupange." Usimzungushe. Mtu mzima akizungushwa anajua, na humuuma zaidi. Kama ana tatizo, fungueni katiba ya kikundi muone mfuko wa jamii unamsaidiaje. Kama hana sababu, faini imo kwenye katiba hiyohiyo, ailipe kama wengine. Upole haufuti deni. Na hilo grupu lenu, ikifika saa mbili usiku, weka simu chini.