Kipele cha Zamani Kinapowasha Tena: Mtafute Mdudu wa Leo

ELIMU YA AFYA KWA WAKAZI

Mtoto aliumwa na wadudu mwezi uliopita. Vipele vilikauka, vikabaki alama nyeusi miguuni, na kila mtu akasahau. Asubuhi moja alama zile zile zinavimba, zinakuwa ngumu na kuwasha upya kama kwamba ameumwa jana. Jirani anasema mtoto ana damu chafu. Mwingine anasema sumu ya mdudu ilibaki mwilini. Mzazi anakimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki.

Somo la toleo hili linahusu hali hiyo. Jambo moja tungependa kila mkazi alishike: kipele cha zamani kikiamka, mara nyingi kuna mdudu anayeuma sasa hivi, hata kama hujamwona.

Mwili una kumbukumbu

Mdudu anapofyonza damu huacha mate kidogo ndani ya ngozi. Mate hayo yana protini ambazo mwili unazitambua kuwa ngeni, kwa hivyo unatuma chembe za kinga kupambana nazo. Uvimbe na mwasho tunaouona ni matokeo ya mapambano hayo.

Baada ya siku chache mate huisha. Hakuna sumu inayobaki ikisubiri kuamka. Kinachobaki ni kumbukumbu ya chembe za kinga. Mtoto akiumwa upya, hata kama ni mkononi, kinga ya mwili huamka na alama za zamani mguuni zinaweza kuvimba na kuwasha pamoja na kipele kipya. Wataalamu wa ngozi huita hali hii atikaria ya vipele. Ni aina ya mzio na haiambukizi. Mtoto mwenye hali hii anaweza kwenda shuleni na kucheza na wenzake.

Kwa nini mtoto mmoja tu?

Swali hili huulizwa sana: tunalala nyumba moja, mbona ni huyu peke yake?

Mwaka wa 1946, mwanasayansi Mwingereza Kenneth Mellanby alieleza jinsi mwili unavyozoea kuumwa na mbu kwa hatua tano. Mwanzoni mtu haonyeshi dalili yoyote. Akiendelea kuumwa, uvimbe hutokea lakini huchelewa, pengine hadi kesho yake. Hatua ya tatu, uvimbe hutokea papo hapo na kurudi tena baadaye. Hatua ya nne, hutokea papo hapo na kuisha upesi. Mwishowe mwili huzoea na hakuna kinachoonekana.

Kwa hivyo baba na mama wanaweza kuwa wanaumwa kila usiku bila kujua, kwa kuwa miili yao imeshazoea. Mtoto bado yuko katikati ya safari hiyo. Watoto wa kati ya miaka 2 na 10 ndio huathirika zaidi, na wengi huacha kusumbuka wanapokua. Tukumbuke basi: kutowashwa si ushahidi wa kutoumwa.

Hatari iko kwenye kucha

Kipele chenyewe hakiui, lakini kukikuna kunaweza kuleta madhara makubwa. Kucha hufungua ngozi na kuingiza bakteria. Kipele hugeuka kidonda chenye usaha au gamba la manjano. Baadhi ya bakteria hao, hasa wa jamii ya streptokoka, wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo wiki chache baada ya kidonda. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi kisha akavimba uso au miguu, au akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kutunza ngozi nyumbani

1. Osha mahali palipovimba kwa maji safi na sabuni, kisha weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika chache.
2. Kata kucha za mtoto ziwe fupi na uziweke safi.
3. Paka losheni ya kalamine ili kupunguza mwasho. Mwasho ukimnyima mtoto usingizi, mwone muuguzi au mfamasia akupe dawa ya mzio kwa kipimo cha umri wake.
4. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa wala maji ya betri.
5. Usitumie krimu kali za steroidi au za kung'arisha ngozi bila ushauri wa mhudumu wa afya. Zikitumiwa ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuacha mabaka.
6. Antibiotiki haitibu mzio. Hutumiwa tu pale mhudumu wa afya anapothibitisha kuwa bakteria wameingia.

Mtafute mdudu

Dawa ya ngozi hutuliza tu. Mdudu akibaki, vipele vitarudi. Mahali vipele vilipo na jinsi vilivyopangika husaidia kumtambua.

Mbu huuma sehemu zisizofunikwa: uso, mikono na miguu. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, kikiwa kimechomekwa chini ya godoro. Shona matundu na uondoe maji yaliyotuama karibu na nyumba.

Kunguni huacha vipele kadhaa kwa mstari au kwa kundi, na mara nyingi huonekana asubuhi. Kagua mishono ya godoro, nyufa za kitanda na kuta kwa tochi. Madoa madogo meusi ni kinyesi chake. Fua matandiko kwa maji moto ya nyuzi 60 au zaidi, na uzibe nyufa. Kuhama chumba kwa wiki mbili hakusaidii, kwa sababu kunguni mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula.

Viroboto huuma zaidi vifundoni na chini ya goti. Hutoka kwa mbwa, paka na mifugo inayolala ndani, na mabuu yao hukua kwenye vumbi la sakafu. Fagia kila siku, nyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na umwone afisa wa mifugo kuhusu dawa ya wanyama.

Utitiri wa kuku huingia nyumbani iwapo kuku wanalala ndani au banda limegusana na ukuta wa chumba cha kulala. Tenga banda, lisafishe, na ubadilishe matandazo ya viota.

Onyo: usinyunyize dawa ya shambani au ya kuogesha mifugo kwenye godoro, matandiko au nguo. Dawa hizo ni sumu kwa watu, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto anayelala juu yake. Uliza afisa wa afya ya umma kuhusu dawa inayofaa nyumbani.

Si kila kinachorudi ni mzio

Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

Kidonda kimoja kisichouma sana, kinachokua polepole na kukataa kupona kwa wiki kadhaa. Huenda ni leishmania ya ngozi, ugonjwa unaoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu. Kidonda chake hujitokeza wiki au hata miezi baada ya kuumwa. Ugonjwa huu unajulikana katika maeneo kama Gilgil na Mlima Elgon, kwa hivyo mweleze mhudumu mahali ulipoishi au kusafiri.

Mwasho mkali usiku, katikati ya vidole na kiunoni, kwa watu kadhaa nyumbani. Huenda ni upele. Wote walio nyumbani hutibiwa kwa wakati mmoja.

Uvimbe wenye doa jeusi katikati, kwenye vidole au kisigino. Huenda ni funza. Usitoboe kwa sindano au pini inayotumiwa na watu wengi.

Vipele vya kuwasha visivyoisha mikononi na miguuni kwa mtu mzima. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kuwa vipele vya namna hii kwa watu wanaoishi na VVU mara nyingi ni mwitikio wa kinga dhidi ya kuumwa na wadudu. Vipele peke yake havithibitishi lolote, lakini ni sababu nzuri ya kupima na kuanza matibabu mapema ikihitajika.

Homa. Wekundu unaosambaa, usaha au homa pamoja na kipele vinahitaji matibabu. Mtoto mwenye homa apimwe malaria pia.

Mtu akivimba midomo au ulimi, au akishindwa kupumua baada ya kuumwa, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi.

Zoezi la nyumbani

Chukua daftari la mtoto na uandike kwa wiki mbili: siku ambayo vipele viliamka, sehemu ya mwili, mahali mtoto alipolala, na mnyama aliyekuwa karibu. Usiku mmoja kagua godoro kwa tochi. Ukienda kliniki, beba daftari hilo. Litamsaidia mhudumu kuliko maelezo ya kukumbuka.

Maswali ya kujadili kwenye chama, baraza au darasani

1. Kwa nini alama ya mguuni inaweza kuwasha wakati mdudu ameuma mkononi?
2. Mzazi asiyewashwa anaweza kuwa na uhakika kwamba hakuna kunguni nyumbani? Toa sababu.
3. Ni dalili zipi zinazoonyesha kuwa vidonda vya ngozi vimeathiri figo za mtoto?
4. Kati ya mbu, kunguni, viroboto na utitiri, ni yupi anayewezekana zaidi nyumbani kwako, na utaanza na hatua gani wiki hii?

Aliyekwama kwenye swali la nne amwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake afike nyumbani wakague pamoja.