Manjano: Kiungo cha Mchuzi au Dawa?

Swali: Je, ni kweli manjano hutibu maumivu ya viungo, na yatumiwe vipi?

Jibu: Manjano ni tunguu la mmea wa jamii moja na tangawizi. Rangi yake hutokana hasa na kurkumini, kemikali inayopunguza uvimbe, ila katika unga mkavu ni takriban asilimia 3 tu. Majaribio kadhaa kwa wenye maumivu ya magoti yameonyesha nafuu kiasi, lakini yalitumia vidonge vya kurkumini iliyokolezwa, si kijiko cha unga kwenye chai. Madai kwamba manjano huponya saratani au kisukari hayajathibitishwa.

Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, na mwili huifyonza kidogo sana. Mafuta na pilipili manga husaidia; mpishi anayekaanga manjano pamoja na vitunguu kabla ya kutia tui ameshafanya lililo bora. Moto uwe mdogo, maana yakiungua huwa machungu.

Pwani manjano huchanganywa pia na liwa kumsugulia bibi harusi. Doa la manjano kwenye nguo hugeuka jekundu likiguswa na sabuni. Lisitie hofu, jua kali hulififisha.

Kwenye chakula ni salama kwa walio wengi. Vidonge ni jambo jingine: vimewahi kuhusishwa na madhara ya ini, na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au mwenye mawe ya nyongo amwone daktari kwanza.