KUTOKA PENSELI HADI NEMBO YA RANGI



  

Wanafunzi wetu wapendwa na wazazi, nembo ya madrasa yetu ilianzia kwenye ukurasa wa daftari. Mwanafunzi wa darasa la nne alichora kwa penseli mnara wenye kuba na, chini yake, msahafu uliofunguliwa juu ya marufaa. Sote tuliupenda mchoro ule. Maulidi yalipokaribia tukaupitisha kwenye skana na kuupeleka uchapwe kwenye bango la upana wa mita 2. Bango liliporudi, mnara ulikuwa na ngazi ngazi pembeni na kuba lilionekana kama rundo la matofali. Kosa halikuwa la mchapaji, lilikuwa letu. Katika somo hili tunaeleza tulichojifunza.

AINA MBILI ZA PICHA

Picha ya skana ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Mchoro wetu ulikuwa na upana wa inchi 2, nasi tuliuskani kwa nukta 300 kila inchi. Basi ulikuwa na nukta 600 kwa upana. Ukizitandaza nukta 600 kwenye mita 2, kila moja inakuwa na zaidi ya milimita 3. Hizo ndizo ngazi tulizoziona.

Aina ya pili ni picha ya vekta. Hii haihifadhi nukta, bali maelekezo: anza hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi ya kijani. Kompyuta huyafuata maelekezo hayo upya kila mara, iwe ni kwa muhuri mdogo au bango kubwa.

Wazo la kulinda uwiano si geni katika historia yetu. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940 Miladia, anatajwa kuwa ndiye aliyeiwekea khati ya Kiarabu kipimo cha nukta itokanayo na ncha ya kalamu. Urefu wa alifu huhesabiwa kwa nukta hizo, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu. Ukichukua kalamu nene, herufi hukua lakini uwiano wake hubaki.

HATUA ZA KAZI

1. Safisha mchoro. Upitie kwa kalamu ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Ziba kila mwanya kwenye mistari na ufute alama za penseli. Kisha uskani kwa nukta 600 kila inchi.

2. Geuza kuwa vekta. Sisi tulitumia Inkscape, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2003. Ina amri iitwayo Trace Bitmap, ambayo hufuata kingo za wino na kuzigeuza kuwa mistari ya vekta. Wengi huishia hapa wakadhani wamemaliza. Fahamu kwamba picha ya skana bado iko chini ya vekta, hivyo iondoe. Fahamu pia kwamba mashine hunakili hata mtetemeko wa mkono wako.

3. Punguza vifundo. Mstari wa vekta hushikwa na vifundo. Duara safi latosha vifundo 4, lakini duara lililofuatwa na mashine laweza kuwa na makumi. Vifuta visivyo na kazi na unyooshe vilivyobaki. Sisi tuliuchora upya nusu ya mnara, tukainakili na kuigeuza upande wa pili. Hivyo pande zote mbili zikalingana.

4. Tia rangi. Umbo lijazwe rangi likiwa limefungwa. Rangi mbili au tatu zinatosha, kwa sababu katika uchapaji wa fulana kila rangi huhitaji fremu yake na gharama yake. Kijani kinachong'aa kwenye skrini ni mwanga, na karatasini ni wino, basi chapa nakala moja ya majaribio kwanza. Tengeneza pia nembo ya rangi nyeusi tupu kwa ajili ya muhuri.

5. Funga maandishi. Yageuze maandishi kuwa maumbo kabla ya kutuma faili. Usipofanya hivyo, kompyuta nyingine isiyo na hati hiyo itaweka nyingine. Kwa Kiarabu hatari ni kubwa zaidi: zipo programu ambazo hutenganisha herufi na kuzipanga kinyume. Asome mwenye kujua Kiarabu kabla haijachapwa.

ADABU YA NEMBO

Juu ya kurasa za msahafu ule mwanafunzi wetu alikuwa ameandika jina la Mwenyezi Mungu, kwa nia njema. Lakini tulijiuliza: nembo hii itafika wapi? Vekta hunakiliwa kwa wepesi. Leo iko kwenye cheti, kesho kwenye fulana, keshokutwa kwenye mfuko wa kubebea tende, kisha mfuko unatupwa jaani au unakanyagwa njiani. Tulikaa na mtoto pamoja na mama yake, tukawaeleza. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua kifutio akalifuta jina mwenyewe, akaweka mistari mitupu mahali pake. Nembo ikabaki nzuri, na heshima ya jina ikahifadhika.

Jambo la pili ni amana. Usichukue nembo ya wengine kwenye intaneti ukaibadilisha rangi na kuiita yako. Na mwenye mchoro atajwe: jina la mwanafunzi wetu limeandikwa kwenye daftari la kumbukumbu za madrasa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kufanya kila jambo kwa wema na ukamilifu. Kufuta kifundo kimoja kilichozidi ni katika mafunzo hayo, na kufikiri kazi yako itaangukia wapi ni katika mafunzo hayo pia.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini bango letu la kwanza lilikuwa na ngazi ngazi?
2. Taja mambo mawili ya kukagua baada ya kutumia Trace Bitmap.
3. Chora nembo ya darasa lako kwa wino. Kisha orodhesha mahali pote itakapochapwa, na ueleze kipi hakifai kuwekwa ndani yake.