Herufi G na H katika maneno ya Kiingereza

Katika miji ya Kongo iliyo mpakani, kama Kasumbalesa upande wa Zambia na Kasindi upande wa Uganda, vitu vingi vya dukani vina maandishi ya Kiingereza. Mara nyingine hata chupa za dawa. Bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu wake chupa, humwambia: «Nisomee, mwanangu.» Mtoto anaona neno cough, kisha night, kisha eight. Kifaransa anakijua kidogo, lakini maneno haya yanamshinda. Akichanganya night na eight, bibi atakunywa kila baada ya saa nane dawa iliyotakiwa kunywewa usiku tu.

Tazameni maneno hayo matatu. Kila moja lina herufi tano, na ndani ya kila moja g na h zinafuatana. Cough ni kikohozi. Night ni usiku. Eight ni nane. Maneno ya namna hii ni mengi katika Kiingereza, nayo ni ya kila siku. Kwa hiyo yafaa kuyajua.

Katika Kiswahili gh ina sauti moja tu: ghali, ghafula, lugha. Ni kweli kwamba watu wengi wa Kongo husema «luga», lakini maandishi ni yale yale, na msomaji hana shaka. Kiingereza sivyo. Humo gh mara hunyamaza, mara husema f, mara husema g.

Mara nyingi hunyamaza. Night husomwa «nait», kana kwamba g na h hazipo. Vivyo hivyo light, «lait», maana yake nuru. Tena maana yake -epesi, kama mzigo usiolemea. Right ni sahihi, au haki, au upande wa kuume. Sight ni uwezo wa kuona. Fight ni kupigana. Might ni nguvu. Tight ni -a kubana, kama kiatu kilicho kidogo kwa mguu. Yote haya yana sauti «ait» mwishoni. Thigh, yaani paja, lina «ai» vilevile, ila halina t ya mwisho. Lakini eight husomwa «eit», na weigh, kupima uzito, husomwa «wei».

Mtego wa night na eight uko hapa: kwa Kiswahili nane huanza na n, lakini kwa Kiingereza ni usiku unaoanza na n. Mtoto akumbuke Kifaransa. Usiku ni nuit, nane ni huit. Night na nuit huanza na herufi moja, hapo hatakosea.

Katika maneno mengine gh husema f. Laugh, «laf», ni kucheka. Cough ni «kof». Rough, «raf», ni kitu kisicho laini, kama ubao ambao haujapigwa randa. Tough, «taf», ni -gumu, kama nyama ya ng'ombe mzee.

Sasa yaja yale yanayowachosha hata watoto wa Waingereza wenyewe. Dough ni unga uliokandwa kwa maji, kabla ya kuoka mkate. Bough ni tawi kubwa la mti. Mwisho wa maneno hayo umeandikwa sawa kabisa na mwisho wa cough na rough. Je, husomwa sawa? Hapana! Dough ni «dou», na bough ni «bau». Badilisha herufi ya kwanza tu, na sauti yote inabadilika. Hakuna sheria itakayomsaidia mwanafunzi hapa. Kila neno lazima lijifunzwe peke yake, kwa sikio na kwa jicho pamoja.

Kwa nini Waingereza waandike herufi wasizozitamka? Zamani walizitamka. Kabla ya mwaka 1066 waliandika niht kwa usiku, na ile h ilisikika kooni, kama kh ya watu wa pwani wanaposema kheri. Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Waandishi waliofundishwa desturi za Kifaransa wakaanza polepole kuandika gh mahali pa ile h. Baadaye watu wengi wakaacha kutoa sauti ile ya kooni. Katika night ikapotea kabisa. Katika laugh ikageuka kuwa f. Lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa, maana William Caxton alileta mtambo wa kwanza wa chapa Uingereza mwaka 1476, akauweka Westminster. Sauti ikaenda zake, maandishi yakabaki.

Ndugu za maneno hayo bado wanasema kwa koo. Katika Uskoti wako watu wanaosema nicht na licht hata leo. Waholanzi, na Wabelgiji wa Flandre, husema nacht, acht na licht. Mapadri wengi waliokuja Kongo zamani walitoka Flandre, na wazee waliokaa karibu nao waliisikia sauti hiyo. Lugha hizo zina ukoo mmoja na Kiingereza, kama vile watu wa Kiswahili, bantu wa Kiluba na bato wa Kilingala walivyo neno la ukoo mmoja.

Limebaki neno ghost, «goust», maana yake mzimu. Hapa gh iko mwanzo, nayo husema g tu. Waingereza wa kale waliliandika gast, bila h. Caxton alikuwa amekaa miaka mingi Bruges, mji wa Flandre, na huko neno hilo liliandikwa gheest. Wataalamu husema kwamba h iliingia kwa mkono wa wapiga chapa waliozoea maandishi ya Flandre. Basi h ya ghost haikusikika kamwe katika kinywa cha Mwingereza!

Maswali

1. Someni kwa sauti: sight, weigh, tough, thigh, dough. Katika neno lipi gh husema f?
2. Fundi anasema ubao wake ni rough. Atafanya nini?
3. Kwenye chupa kuna maneno night na eight. Lipi lataja wakati, lipi lataja hesabu?
4. Andikeni maana mbili za neno light, kisha tungeni sentensi ya Kiswahili kwa kila maana.