Remorki ya seleti katika pikapu: uzito unakaa wapi?



Kuko kooperative moja katika bonde la Ruzizi iliyonunua remorki ya seleti ili kupandisha mahindi yake Bukavu. Walituita tuiangalie. Tulipofika, pikapu ilikuwa imeinua pua kama mutumbwi ambao watu wote wamekaa nyuma. Shofere akatuambia kwamba kwenye mupando wa Ngomo usukani unakuwa mwepesi: anageuza, gari haisikii. Fundi alikuwa amefunga seleti karibu na mulango wa nyuma wa karoseri, kwa sababu pale ndipo aliona nafasi. Na pembeni ya seleti, ndani ya karoseri, mama watatu na mutoto mumoja walikuwa wamekwisha kukaa, wanangoja safari. Ile siku safari haikufanyika.

Seleti munaijua: ni ile sahani ya chuma yenye kupakwa grisi, nyuma ya kabini ya semi-remorki. Wamarekani wanaiita gurudumu la tano. Jina lilitoka kwenye magari ya farasi, ambayo yalikuwa na duara la chuma lililolala juu ya magurudumu ya mbele ili yaweze kugeuka. Manne chini, duara ndilo la tano. Kwao wanaifunga hata ndani ya pikapu. Faida yake ni kwamba uzito wa remorki haubinyi mukia wa gari, unakaa juu ya ponti ya nyuma. Lakini hiyo ni kama seleti iko mahali pake.

Mahali pake munapatafuta hivi. Gari isimame kwenye udongo ulio sawa. Muninginize kamba yenye jiwe kutoka ukingo wa karoseri mupaka ipite katikati ya gurudumu la nyuma, muandike alama kwa chaki, kisha mufanye vilevile upande wa pili. Mupige mustari kati ya alama hizo mbili. Katikati ya mudomo wa seleti inakaa juu ya mustari huo, ao mbele yake kidogo, upande wa kabini, isipite sentimetri 5. Nyuma ya mustari, apana, hata kidogo. Mbele ya kutoboa, mutu alale chini ya gari aangalie tanki, mipira ya freni na nyaya. Vyuma vya seleti vifungwe kwenye chasi yenyewe kwa bulo ngumu, zile zenye kuandikwa 8.8 ao 10.9 kichwani. Bati ya karoseri peke yake itapasuka. Baada ya safari ya kwanza, mukaze tena zote.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo wengi wanaisahau. Kwa remorki ya namna hii, kati ya 15 na 25 kwa mia ya uzito wake wote inalala juu ya pikapu. Tuchukue mufano: remorki tupu kilo 700, na mifuko 14 ya kilo 100, jumla kilo 2.100. Tukiweka 20 kwa mia, pikapu inabeba kilo 420. Seleti na vyuma vyake, kilo 80. Shofere na watu wawili kabini, kilo 210. Hapo tumefika kilo 710, na kama gari imeruhusiwa kilo 1.000, zimebaki 290 tu. Wale wa Ruzizi walikuwa wanafikiri kwamba kwa kuwa muzigo uko kwenye remorki, karoseri imebaki bure.

Na ndani ya karoseri mutu asikae, hata kama hesabu inaruhusu. Kwenye kona shingo ya remorki inapita juu ya karoseri kutoka upande mumoja mupaka mwingine, na kwenye shimo inashuka. Mutu aliye pale hana pa kukimbilia. Mama wale walipe tiketi ya basi; tulishauri kooperative iwalipie.

Kama muko na baskuli ya depo, mupime kweli. Muzibe magurudumu ya remorki kwa mawe, muteremushe mbele yake juu ya kipande cha muti kilichosimama kwenye baskuli, sawasawa chini ya pini. Miguu isiguse chini, ikigusa namba inadanganya. Namba ikipita, musogeze mifuko michache nyuma. Ikiwa ndogo sana, muilete mbele.

Pikapu nyingi za kwetu ziko na karoseri fupi. Mupime kwa kamba kutoka pini mupaka kona ya mbele ya remorki, kisha kamba ileile kutoka seleti mupaka kabini. Ikigusa kabini, siku mutakayokata kona kali remorki itavunja kioo cha nyuma. Heri kujua mbele ya kutoboa.

Tena remorki yenye uzito huu iwe na freni zake. Kamba ya usalama, ile inayokamata freni kama remorki imeponyoka, ifungwe kwenye chasi ya pikapu, isifungwe kwenye seleti, kwani seleti ikingʼoka inaondoka na kamba.

Wakati wa kufunga, mutu achungulie na tochi kama mudomo umefunga nyuma ya pini kabisa. Kisha miguu ya remorki ikiwa bado chini na freni zake zimekamata, shofere avute polepole. Kama pini inatoka, remorki itabaki imesimama juu ya miguu yake, na mutaanza upya.