Kidonda kimekauka, mbona hawamruhusu?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ni fundi pikipiki hapa Tunduma. Aliungua kwa petroli shingoni na mkono wa kulia, akalazwa Mbeya na kupandikizwa ngozi. Vidonda vimekauka, lakini wanataka abaki wiki tatu zaidi kwa ajili ya mazoezi. Pesa imetuishia. Tukimrudisha nyumbani kuna ubaya gani? – Dada yake, Sogea.

JIBU: Poleni sana, dada. Kumuuguza mtu aliyelazwa kilomita kama 100 kutoka nyumbani kunaumiza mfuko. Hata hivyo nakuomba, kama kuna namna yoyote, mwacheni amalizie.

Kidonda cha moto kikishafunga, kovu ndiyo kwanza linaanza kuvuta. Kovu kubwa huchukua mwaka mmoja hadi miwili kutulia, na huvutia upande ule ule anaopata nafuu mgonjwa: kidevu kifuani, kiwiko kimekunjwa. Ndiyo maana aliyeungua shingo hunyimwa mto. Ndugu akimrudishia usiku kwa huruma, shingo huanza kukamatwa.

Mazoezi yenyewe yanauma. Mgonjwa humeza dawa ya maumivu mapema, kisha mtaalamu wa fiziotherapia anaunyoosha mkono taratibu mpaka kovu linapauka, anaushikilia hapo. Usiku mkono hufungwa kwenye banzi ili usijikunje. Baadaye hufuata kushika kijiko, kufunga vifungo vya shati, kukaza nati. Kwa fundi, kidole gumba kisichozunguka spana ni riziki iliyopotea.

Marekani, ambako walioungua wamekuwa wakifuatiliwa kwa miaka tangu muongo wa 1990, wengi wanaolazwa kwa mazoezi hurudi nyumbani wakila, wakioga na kuvaa bila msaada mkubwa. Kinachochelewa ni kurudi kazini, pamoja na utulivu wa moyo. Akishtuka usingizini au akikataa kuonana na watu, waambieni wauguzi. Hilo nalo lina tiba.

Kovu likishakakamaa, hubaki upasuaji wa kulilegeza, kama unaofanywa katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Unasaidia, ila ni safari ndefu zaidi na kisu kingine.

Kuhusu pesa, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali leo, kabla deni halijakua. Ikishindikana kabisa, msiondoke mikono mitupu: fundishwa mazoezi hayo kwa mikono yako mwenyewe, ombeni banzi, na muulize kama anaweza kuendelea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa. Nyumbani afanye mazoezi mara kadhaa kila siku, kovu lipakwe mafuta yasiyo na manukato na lifunikwe jua likiwaka. Maharage, mayai na dagaa visikosekane. Mkiona kidole kinazidi kujikunja, kidonda kinatoa usaha, au homa inapanda, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.